Mfinyanzi Aliyechelewesha Marahaba

Ukimwamkia kwenye mwinuko hakuitikia. Aliinua kidole kimoja, akaendelea kupanda huku midomo ameibana kama mtu anayepoza uji, na wewe ukabaki na shikamoo yako hewani. Halafu, mkishafika tambarare, au jioni ukiwa umekaa zako unachambua mboga, ungesikia sauti yake ng'ambo ya uzio: "Marahaba!" Mgeni angedhani anazungumza na mizimu. Mimi nilikuwa mwenyeji, na bado nilidhani hivyo.

Jina lake sitalitaja. Hakupenda litajwe na mtu aliye nyuma yake, na mimi muda mwingi nilikuwa nyuma yake. Nitamwita Mfinyanzi, kama alivyoitwa na kila mtu kutoka kwetu juu ya Bigwa hadi sokoni Morogoro, ingawa wanawake wanaofinyanga walikuwa wengi mlimani na mimi nilitamani kuwa mmoja wao.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi, ili msomaji ajue anaongozwa na nani. Herufi nilijifunza bila mwalimu, kwa kunakili alama zilizopigwa juu ya masanduku ya duka la Mhindi mjini, yale yaliyoshushwa na gari moshi. Nilizichora kwa kijiti kwenye udongo mbichi, nikazifuta, nikazichora tena hadi mama akauliza kama nina kazi nyingine. Ufinyanzi nao nilijifunza hivyo hivyo, kwa kuchungulia, maana mama yangu alijua jembe, hakujua udongo. Mtu aliyejifunza kwa kuchungulia haachi. Kila anachokiona anahisi kuna kingine kimefichwa chini yake.

Kwa hiyo nilimshuku. Siku nyingine nilimshuku kuwa ni mzima anayejifanya mgonjwa, siku nyingine kuwa ni mgonjwa anayejifanya mzima, na siku zote nilimshuku kuwa ana siri ya kazi anayotunyima.

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na uzio wa matete tu. Ndani kwake kila kitu kilining'inizwa au kuwekwa kwenye kichanja kinachofika kiunoni. Chini kulikuwa na kigoda chake peke yake, na kukizunguka kigoda, kwa mpangilio usiobadilika: mtungi wa maji mkono wa kulia, bakuli la majivu mkono wa kushoto, na mbele, kipande cha kibuyu cha kukwangulia, kokoto la kung'arishia, gunzi la hindi la kutilia alama. Akishakaa, mkono wake ulifika kila mahali bila kuinuka wala kuinama. Siku moja niliusogeza mtungi ili nipate kupita. Alinitazama kama nimemwaga dawa ya watu.

"Rudisha."

"Bibi, ni mtungi tu."

"Rudisha ulipoutoa."

Niliurudisha, na tangu siku hiyo akili yangu haikutulia. Kwa nini majivu kushoto? Kwa nini maji kulia? Nilikwenda nyumbani nikapanga vyombo vyangu vilevile, ingawa mimi ni wa mkono wa kushoto, na kila nilipotaka maji nilijikunja juu ya magoti yangu kama mtu anayetafuta sindano. Nilivumilia. Niliamini ndiyo siri yenyewe.

Hakufanya kazi mbili nzito siku moja. Siku ya kutwanga vigae hakuteka maji; siku ya kuteka maji hakugusa kuni. Vigae ni vipande vya vyungu vilivyovunjika. Sisi huvitwanga kwenye kinu hadi viwe unga, tukauchanganya na udongo mbichi ili chungu kistahimili moto. Vumbi lake ni jeupe, linaingia kwenye nyusi na puani, na Mfinyanzi alilitwanga tangu hajavunja ungo, masika na kiangazi. Masika alitwangia ndani, mlango umefungwa, moto wa kukaushia vyungu ukifuka pembeni. Watu walisema kifua chake kimejaa vyungu vya watu wengine. Mimi nilipoanza kumchungulia, alikuwa akivinyunyizia vigae maji kwanza na kujifunga kitambaa kibichi mdomoni. Nilidhani kitambaa kimelowekwa dawa. Nilikinusa kilipokuwa juu ya uzio kinakauka. Kilinuka mate.

Alikula kidogo kidogo, mara nyingi, kama kuku. Kwa watu alisema hana ulafi. Mimi aliniambia siku moja tu, siku aliyokuwa na furaha: "Tumbo likijaa, linaipandisha pumzi juu. Sasa nitaiweka wapi?" Akacheka, akakohoa, akaonekana kujuta kusema.

Asubuhi aliamka kabla yetu wote lakini hakutoka. Niliweza kumsikia: kitanda kinalia, kimya, halafu mpulizo mrefu, kimya, mpulizo mwingine. Jua likishafika kwenye paa ndipo alipotoka, uso umeoshwa, kanga imefungwa vizuri, tayari kumtukana mtu.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa kuchagua. Wengine walijaza udongo vikapuni mikono miwili; yeye alichukua bonge moja, akalinusa, akalivingirisha kati ya vidole, akaliweka kando, akachukua jingine. Wakimcheka alisema, "Nyinyi mnachimba. Mimi nachagua." Akifinyanga, alijenga duru moja ya chungu, akaifunika kwa jani la mgomba, akakaa akiitazama, viganja juu ya magoti, mabega yamepanda, midomo imebanwa. Muda wa kutosha kupika maharage.

"Mnamwona?" wanawake walinong'onezana. "Anakisikiliza chungu."

Vyungu vyake havikupasuka. Wanunuzi wa Morogoro walivijua kwa kuvigonga tu, na wengine walisubiri hadi afike ndipo waulize wengine wana nini. Nami, ambaye chungu changu kikipasuka motoni nilikizika nyuma ya nyumba ili mtu asikione, nilijiwekea nadhiri ya kuwa kama yeye. Nikakaa mbele ya duru yangu ya kwanza, viganja magotini, midomo nimeibana.

"Una nini?" mama aliuliza. "Tumbo linakuuma?"

"Nakitazama."

"Kitazame huku unachuma mboga."

Sasa lazima nieleze habari ya shimo, maana bila shimo huwezi kumwelewa.

Udongo wetu unachimbwa bondeni, kando ya mto, mahali pamoja tu, na mahali hapo pako chini ya mwanamke mmoja wa ukoo wenye ardhi ile. Tulimwita Mama wa Shimo. Hakuwa mkali kwa sauti. Alikuwa mkali kwa macho. Masharti yake yalikuwa machache. Mwanamume haingii. Viatu haviingii. Na mgonjwa wa pumzi haingii, kwa kuwa pumzi yake mbovu hukaa ndani ya udongo, na vyungu vya wanawake wote vitapasuka motoni hadi masika mengine. Nilimwona mama mmoja akikohoa pale shimoni, kikohozi cha mafua tu, akaambiwa kwa upole arudi nyumbani akaugue. Hakurudishwa tena. Aliishia kuuza ndizi, na alizichukia ndizi.

Na kulikuwa na vyungu vilivyopasuka. Vingi vilikuwa vyangu. Mama wa Shimo alijua idadi yake ingawa nilivizika, sijui alijuaje. Alikuwa akisimama ukingoni, akitutazama tukichimba, akisema kama anayejisemea:

"Humu ndani kuna mtu anapumua vibaya."

Sote tulifunga midomo. Mfinyanzi peke yake alijibu, bonge la udongo puani: "Ni huyu hapa. Huu udongo wenyewe unanuka, nani ameukojolea?" Wakacheka wote. Aliwachekesha sana pale shimoni. Ilinichukua muda kutambua kwamba alisema sentensi moja, kisha akawaachia wao kucheka, na walipokuwa wakicheka yeye alikuwa kimya, akipumua.

Asubuhi moja nilimfuata. Alikuwa na desturi ya kuondoka shimoni kabla ya wengine, kikapu kidogo kichwani, na nilitaka kujua anafanya nini njiani na udongo aliouchagua. Labda anauchanganya na kitu. Labda ana mahali pa dawa. Nikamwacha atangulie, nikajipenyeza kwenye migomba.

Mbele ya macho ya wanawake alitembea kama bibi harusi: shingo ndefu, kikapu hakitikisiki, akirusha mzaha wa mwisho begani. Akapinda kona. Pale, wasipomwona, palikuwa na jiwe linalofika kiunoni. Akakitua kikapu juu ya jiwe, hakukiweka chini, akaegemeza viganja vyote viwili, na mwili wake wote ukageuka kuwa mabega. Yalipanda, yakashuka, yakapanda. Alipuliza kwa midomo iliyobanwa, mpulizo mrefu kama wa mtu mwenye moto usiotaka kushika. Kucha zake juu ya jiwe zilikuwa na rangi ya zambarau. Sauti za wanawake zilipokaribia, alijitwisha kikapu, akanyoosha shingo, akapita sehemu ya wazi wanayoweza kumwona kutoka bondeni, akapotea kwenye kona ya pili. Kulikuwa na jiwe huko pia. Kila kona ilikuwa na jiwe lake.

Hakukuwa na dawa. Kulikuwa na mwanamke aliyeishiwa pumzi, akijificha ili apumzike, kisha akijitokeza ili aonekane hajapumzika.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilikasirika. Nilirudi nyumbani, nikakaa mbele ya vyombo vyangu, majivu kushoto, maji kulia, na nikaona nilivyokuwa mjinga. Kule kunusa, kule kuvingirisha, kule kukisikiliza chungu, vyote vilikuwa namna ya kukaa chini bila kuulizwa. Nilikuwa nimejifunza ugonjwa nikidhani ni ufundi.

Lakini mtu wa wasiwasi haachiwi apumzike hata na hasira yake. Maana ni kweli pia kwamba duru ya chungu ikiachwa chini ya jani hukaza kidogo, ikaweza kubeba duru inayofuata. Na bonge la udongo likinuswa na kuvingirishwa, kokoto zake huonekana. Vyungu vyake havikupasuka, huo haukuwa uongo. Je, alipumzika kwa ajili ya kifua au kwa ajili ya chungu? Nilimuuliza baadaye kwa kuzungukazunguka, na akanijibu bila kuzunguka: "Mimi nikitulia, nacho kinatulia. Wewe umeshika nini mkononi, udongo au maneno?" Hadi leo siwezi kuapa kwamba nimejibiwa.

Wala usimhurumie haraka. Alikuwa mwongo bila aibu. Alivuta ugoro, akapiga chafya, akakohoa hadi machozi yakamtoka, akavuta tena.

"Bibi, kifua!"

"Ugoro unaingia puani. Kifua kiko chini."

Alinisimulia kwamba aliwahi kwenda misheni, na Sista wa Kizungu akamwekea sikio mgongoni, akasema haikuwa kifua kikuu, haimwambukizi mtu, wala haitapona; apumzike tu. "Nikamuuliza, nipumzike kwa nani? Akasema, 'Pumussika, Mama, pumussika.'" Njia ya misheni ina mwinuko mkali, na ningesema hakufika huko kamwe, ila ile sauti ya Sista aliiiga kwa namna ambayo haiwezi kutungwa.

Na aliicheza ngoma. Mjukuu wa dada yake alipotolewa mwali, Mfinyanzi alitoweka kabla ya sherehe. Watu waliambiwa amekwenda Mikese kuwasalimu ndugu. Mikese hiyo ilikuwa nyuma ya uzio wetu. Nilimsikia amelala, akipuliza, mchana kutwa. Siku ya ngoma alifika amepakwa mafuta, akaingia katikati, akacheza wimbo mmoja, mzima, chini kwa chini, vigelegele vikapasua mlima. Kisha akakaa akapepewa kama malkia, na kabla chakula hakijaiva alikuwa ameshakwenda zake. Kesho yake watu waliambiwa amerudi Mikese.

Mmoja wa waliomwona akicheza alikuwa Jumbe.

Jumbe wetu aliwekwa na Wadachi, na alikuwa na uchovu wa aina yake, wa mtu anayetukanwa juu na chini. Mwaka ule Bwana wa barabara, Mdachi mmoja mwekundu, alitaka njia ya mikokoteni ipande upande wetu wa mlima, na kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa kubeba mawe kutoka mtoni. Aliyekaidi aliletewa askari na kiboko. Siku Jumbe alipokuja na askari wake, wanawake walikuwa uani kwetu wakimenya maharage. Mama wa Shimo alikuwepo, na Mfinyanzi alikuwa amekaa kwenye kizingiti.

"Bibi," Jumbe alisema, "nyumba yako haijatoa mtu."

"Nyumba yangu ina mtu mmoja. Ukimchukua, utabaki na nyumba."

Wanawake wakacheka. Jumbe hakucheka.

"Jumatatu uwe mtoni. Au u mgonjwa? Maana nasikia maneno. Kama u mgonjwa sema tu, nikamwambie Bwana wa barabara, nikuache. Sema hapa, watu wasikie."

Mikono ya Mama wa Shimo ikasimama juu ya maharage. Mimi tu ndiye niliyeona, au nilidhani ni mimi tu. Neno moja lingemwokoa na mawe, na lingemfungia shimo. Jingine lingemwachia shimo, na mawe yangemuua kabla ya mwezi kuandama. Jumbe alimpa mlango kwa nia njema, na mlango ule ulikuwa unaelekea korongoni.

"Mgonjwa nani?" Mfinyanzi aliuliza. "Mimi?"

"Ngoma uliicheza, nilikuona kwa macho yangu. Halafu juzi nimekuamkia kwenye mwinuko umenipita kama unapita mti. Nani ananidanganya, wewe wa ngoma au wewe wa mlimani?"

"Marahaba," alisema Mfinyanzi.

Hata askari alicheka. Jumbe akanigeukia mimi.

"Wewe. Unakaa naye uzio kwa uzio, na nasikia unajua kuandika. Huyu ni mzima au mgonjwa?"

Hilo ndilo swali nililojiuliza mwenyewe miaka yote ile, na sasa liliulizwa mbele ya watu, nami nilitakiwa kulijibu kwa neno moja. Nililitafuta jibu lisilo na kosa. Ukimtaka asubuhi moja, ni mzima. Ukimtaka na kesho yake, hayupo. Akishuka na vyungu, ni mzima. Akipanda mikono mitupu, si mzima. Yote yalikuwa kweli na yote yangemwangamiza. Mfinyanzi alinitazama kwa macho yaleyale ya siku ya mtungi. Alikuwa ananishuku, na alikuwa na sababu.

"Sijui, Jumbe," nilisema.

"Hujui! Uzio wa matete, na hujui!"

Mwanamke mmoja nyuma yangu, aliyependa mzaha kuliko chakula, akaropoka: "Mpelekeni tu! Atachagua mawe! Atanusa jiwe moja mpaka jua lizame!"

"Na nikiona baya nalirudisha mtoni," alisema Mfinyanzi, na kicheko kikaenea uani. Alikiacha kienee. Nilimwona akipumua ndani yake. Kilipokwisha alikuwa tayari.

"Jumbe. Hao watu wako wa mawe wanakunywa nini?"

"Maji."

"Ya wapi?"

"Ya debe. Kuna debe moja."

"Debe juani. Na Bwana wa barabara, naye anakunywa ya debe?"

Askari alilamba midomo.

"Nitakupa mitungi," Mfinyanzi alisema. "Ikipasuka nitakupa mingine. Maji yatakaa baridi hadi jioni, na Bwana atakuuliza umeyatoa wapi. Nyumba yangu itakuwa imetoa mtu."

"Mitungi hupasuka."

"Ya kwangu haipasuki. Muulize Mama wa Shimo."

Sijawahi kuona mtu akiwekwa mahali pembamba namna ile. Anayepumua vibaya, vyungu hupasuka; hayo yalikuwa maneno ya Mama wa Shimo mwenyewe, na sasa akisema mbele ya Jumbe kwamba mitungi ile haipasuki, amesema pia kwamba mwenyewe anapumua vizuri. Alilichukua ganda moja la haragwe, akalivunja vipande viwili.

"Haipasuki," alisema.

Halafu akanitazama mimi. Kwa sababu vya mtu fulani vilipasuka, na kama si yule, basi ni nani?

Jioni ile Mfinyanzi aliniita kwenye uzio. "Umesema vizuri."

"Sikusema kitu, Bibi."

"Ndiyo hivyo." Akapuliza, akasubiri, akapuliza. "Siku ile kwenye migomba ulikanyaga majani makavu kama ng'ombe. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Aliyetumwa humrudia aliyemtuma, ikaisha. Wewe haishi."

Tulibaki hivyo, tukishukiana ng'ambo na ng'ambo ya uzio, kwa misimu kadhaa. Aliifinyanga mitungi ya barabara kwa mwendo wake, na Jumbe alipokuja kuharakisha, alimkuta akiisikiliza. Mimi niliyahamisha majivu yangu kulia na maji kushoto, panaponifaa. Yale mapumziko sikuyaacha. Vyungu vyangu vilianza kutoka motoni vizima, kimoja, kisha viwili, na kila kilipotoka kizima nilikigonga mara nyingi mno nikitafuta ufa uliofichwa.

Mara ya mwisho kuwa naye karibu ilikuwa mwaka ule vita ilipoanza kuchukua wanaume wetu kwa upagazi, na barabara ya mawe ikawa inapandisha mizigo ya askari. Nilikuwa natoka shimoni na kikapu. Kwenye kona ya pili nilimkuta. Hakuwa ameegemea jiwe. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye jiwe, miguu imenyooka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana alijua gharama ya kuinuka. Kikapu chake kilikuwa na udongo wa kujaza viganja viwili.

"Shikamoo, Bibi."

Kidole kikainuka nusu, kikarudi pajani.

Nikasimama. Kutoka chini tulisikia sauti: wanawake wanapanda, kundi zima, na katikati yao ile sauti isiyopandishwa ya Mama wa Shimo. Mfinyanzi akashika jiwe ajivute. Akainuka nusu, akarudi chini. Akajaribu tena. Kisha akanitazama, na hata pale, hana pumzi ya neno moja, macho yake yalikuwa yakiuliza nitawaambia nini.

Nilikaa chini mbele yake na kuuweka mguu wangu wa kushoto mapajani pake.

Alielewa kabla yangu. Mkono wake ulipapasa kichaka cha mchongoma kando ya jiwe, ukavunja mwiba, na mimi sijajiandaa bado, akauzamisha kisiginoni mwangu. Nilipiga ukelele ambao haukuwa wa kuigiza hata kidogo.

"Nini huko?" Wakatokea kwenye kona, vikapu vichwani.

"Mwiba," nilisema. Machozi yalikuwa yananitoka.

"Lo! Limtu lizima linalia mwiba!"

"Na Bibi wa watu ndiye anampuliza! Huna haya, wewe?"

Maana Mfinyanzi alikuwa ameinama juu ya mguu wangu, uso hauonekani, na alikuwa akipuliza kisigino kwa midomo iliyobanwa, mpulizo mrefu, taratibu, kama mama anavyompuliza mtoto. Mabega yakipanda, yakishuka. Mama wa Shimo alitoka kundini. Akasogea. Akainama hadi nikasikia harufu ya udongo kwenye kanga yake. Alimtazama yule aliyeinama, kisha akautazama mguu wangu, na pale damu ilikuwa inachuruzika hadi kwenye kifundo.

"Ngozi ya mtoto wa mjini," alisema hatimaye. "Mpulizie, Bibi, asije akatufia njiani."

Wakapita wakicheka. Mimi, niliyezika vyungu ili mtu asione ufa, nililisikia jina langu likichekwa kona hadi kona, juu kabisa, hadi nyumbani kwetu. Najua bado wanaisimulia.

Walikuwa wamekwisha kupotea, na yeye alikuwa bado anapuliza. Pumzi iligusa kisigino ikiwa moto, kisha ikapoa. Sikuutoa mguu.

"Ungenichoma kidogo tu," nilisema.

Akainua kidole. Nikangoja. Kivuli cha jiwe kilitoka kwenye vikapu vyetu, kikatufikia sisi. Polepole mabega yake yakatulia. Akaifuta damu kwa kidole gumba, akaitazama, akaivingirisha kati ya vidole kama anavyofanya kwa udongo, kisha akausukuma mguu wangu kutoka mapajani pake kama bonge lisilofaa.

"Marahaba," alisema.